Injini Imefanyiwa Ovaholi, Mbona Bado Inasumbua? Land Rover Series III ya Petroli, Dalili kwa Dalili

Simu za namna hii huanza vilevile. "Fundi, injini nimeifanyia ovaholi, vitu vyote vipya, lakini..." Kinachokuja baada ya hiyo "lakini" ndicho nitakachokiongelea hapa, na nitabaki kwenye injini moja ninayoijua: ile petroli ya silinda nne, sisi (cc) 2,286, inayoitwa mbili na robo. Ilianza kufungwa kwenye Series II mwaka 1958, ikaendelea kwenye Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Bloku chuma, hedi chuma. Inavumilia mengi, ila haivumilii kufungwa kwa kukisia.

Kabla hujatafuta dalili yoyote, jua unayo injini gani. Mpaka 1980 krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya injini hii ilikaa kwenye beringi kuu tatu. Baada ya hapo wakaweka tano. Krenki ya tatu haiingii kwenye bloku ya tano. Na kuna hedi za aina mbili, ya mgandamizo wa 7:1 na ya 8:1, ambazo kwa macho ya haraka ni mapacha. Gari lenye miaka arobaini limepita mikononi mwa mafundi wengi, kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye bloku inakuambia habari za bloku tu. Habari za kilichomo ndani utazipata ukipima.

Vifaa vya kupimia si vya anasa: geji ya kompresheni, geji ya oili ya kufunga kwa muda pale ilipo swichi ya taa, na fila geji (majani ya chuma ya kupimia mianya) ambayo majani yake hayajaliwa. Taa ya oili ya kwenye dashibodi usiitegemee kabisa. Huzimika presha ikiwa bado ndogo mno kwa kazi ya kweli.

Moshi wa bluu

Bluu ni oili inayoungua, hilo kila mtu analijua. Swali la maana ni moshi unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi pale unapopiga stata kisha ukakata, au ukitoka baada ya kuteremka mlima mrefu gia ikizuia gari, halafu ukakanyaga resi na wingu zima likabaki nyuma yako, oili inapenya juu, kwenye gaidi za valvu (vibomba vinavyoongoza valvu) na sili zake. Aliyeteremka Kitonga na injini yenye gaidi zilizolika anajua aibu yake. Ukitoka wakati gari inavuta mzigo, na mfuniko wa oili ukiufungua unapumua kama birika, hizo ni ringi za pistoni.

"Lakini ringi ni mpya!" Ndiyo, ni mpya, na ndiyo maana hazijakaa. Hapa nitakaa kidogo, maana ugonjwa huu tunautengeneza wenyewe kwa heshima zote. Kuna mazoea ya kuiwasha injini mpya na kuiacha inanguruma kwa silensa (bila kukanyaga resi) kutwa nzima, wengine siku mbili, eti isagike taratibu. Ringi haibanwi kwenye ukuta wa silinda na chemchemi yake peke yake. Inabanwa zaidi na gesi ya mlipuko inayoingia nyuma yake. Kwenye silensa mlipuko ni mdogo, ringi inateleza tu juu ya oili, na ile mikwaruzo ya kuhoni (kukwaruza ukuta wa silinda kwa jiwe), ambayo kazi yake ni kusaga ringi ikae, inajaa utandu unaong'aa kama kioo. Ukishajaa, ringi haitakaa tena hata uendeshe mpaka Mbeya.

Kwa hiyo: washa, hakikisha presha ya oili ipo na hakuna kinachovuja, ifikie joto lake, kisha toka nayo barabarani. Tafuta kilima, gia ya tatu, kanyaga mpaka nusu, achia, rudia. Usiipige resi mpaka mwisho, na usiibembeleze. Tumia oili ya kawaida ya madini, 20W-50, wala si sinthetiki, na ibadilishe kwenye kilomita 500 hadi 800. Kama imeshapita kilomita 1,500 na bado inatoa bluu ikivuta, fungua, pitisha honi upya kwa mikwaruzo inayokatana, na uweke ringi nyingine.

Ukiwa umefungua, chukua ringi moja, itumbukize ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili inyooke, kisha pima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 90 tunategemea kama 0.35 hadi 0.50. Niliwahi kukuta mwanya wa milimita mbili hivi: bloku ilichongwa oversaizi 40 (kupanuliwa kwa inchi 0.040), ringi zilizouzwa zilikuwa za 20, na boksi limeandikwa 40. Geji hailipwi na muuza duka. Pia ringi yenye maandishi TOP, maandishi yanatazama juu. Ukiigeuza itapandisha oili kama pampu.

Presha ya oili inaanguka injini ikipata moto

Injini hii ikiwa na afya na joto lake kamili, gari likienda kama kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya nne, geji inatakiwa kusoma kati ya 35 na 65 psi. Kwenye silensa itashuka, usiogope. Ikisoma vizuri asubuhi halafu ikapata moto na kushuka chini ya 20 hata ukiwa mwendoni, anza na vya rahisi. Je, oili ni ya uzito unaotakiwa? Je, kuna petroli imeingia kwenye oili? Ichomoe stiki uinuse. Dayaframu ya pampu ya mafuta ikipasuka hufanya hivyo.

Halafu kuna gololi na spring ya kupunguza presha ndani ya pampu ya oili. Takataka ndogo ikikaa chini ya gololi, presha inapotea bila kosa la mtu. Safisha, kagua kama kiti chake hakijachimbika.

Kama hayo ni salama, shaka yangu ya kwanza haiendi kwenye krenki, maana krenki ndiyo iliyopelekwa kuchongwa na kila mtu aliisimamia. Naenda kwenye beringi za kamshafti, shafti inayofungua valvu. Nazo zinalishwa kwa presha, nazo zinalika, lakini kuzibadilisha kunahitaji kuzichonga kwa mstari mmoja baada ya kuzipiga ndani, kazi ambayo karakana nyingi za mashine hazina kifaa chake, basi zinaachwa kimyakimya. Mwenye gari analipia ovaholi nzima huku oili inakimbilia kwenye matundu ya miaka arobaini.

Kwa krenki yenyewe, tumia ule uzi laini wa plastiki unaopondeka: weka kipande juu ya jono (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi), funga kepu kwa nguvu yake kamili, fungua, linganisha upana wake na skeli iliyo kwenye karatasi. Jono kuu ni inchi mbili na nusu. Mwanya ukizidi milimita 0.06, umeshaanza kupoteza presha kabla hujatoka getini. Kepu kuu za injini ya beringi tatu hufungwa kwa futi-pauni 85. Kwa mkono na bomba refu utapata namba yoyote isipokuwa hiyo.

Na ile ya taa kukataa kuzimika kabisa siku ya kwanza? Pampu ni kavu. Ijaze vaselini kabla ya kufunga karta (sampu), chomoa plagi zote, kisha piga stata mpaka geji ipande. Ukumbuke sampu na filta zinakula karibu lita 7. Na lile bakuli la filta lina ringi ya mpira juu: ile ya zamani hupenda kubaki imejificha kwenye mfereji wake, ukiweka mpya juu yake unapata mbili, na oili yote inamwagika chini ndani ya dakika chache.

Inagonga

Mlio mzito wa kugonga unaosikika ikivuta na kufifia ukiachia resi: beringi kuu. Mwepesi na wa haraka, unaobadilika unapochomoa waya wa plagi moja: konrodi au pini ya pistoni ya silinda hiyo. Mlio wa mnyororo mbele, mbaya zaidi sekunde za kwanza: tenshena, kikaza mnyororo. Haya yote yapo kwenye kila kitabu.

Kuna mmoja ambao haumo vichwani mwa wengi. Mzee mmoja aliniletea gari wiki mbili baada ya mimi mwenyewe kuifunga. "Kijana wangu, nikikanyaga klachi injini inabadilisha sauti." Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni beringi ya klachi, tutaiangalia." Nilikuwa nimekosea. Nilishika puli ya mbele, mtu akakanyaga klachi, na puli ikasogea mbele nikaiona kwa macho. Krenki ilikuwa inacheza kwa urefu.

Beringi ya katikati ina wosha za thrasti, vipande vyenye umbo la nusu mwezi, pande zote mbili. Kazi yake ni kuizuia krenki isiende mbele wala nyuma. Nilipofungua karta nilikuta moja imelala chini ndani ya karta, imeliwa upande wa chuma. Niliigeuza siku ya kufunga: upande wenye mifereji ya oili unatakiwa kutazama krenki, nami niliutazamisha bloku. Krenki ikasaga chuma kwa chuma mpaka wosha ikadondoka. Siku hizi mchezo huo naupima kwa daya geji (geji ya mshale) kabla ya kufunga karta, na sitoi injini kama hausomi kati ya milimita 0.05 na 0.15. Mzee alinisamehe, krenki haikusamehe.

Inachemsha

Injini iliyobana upya hutoa joto kidogo zaidi siku za kwanza. Kuchemsha ni kitu kingine.

Rejeta wengi hupeleka kusafishwa. Bloku hawaisafishi. Miaka ya kujaza maji ya mtoni na ya bombani imeacha kutu na chokaa chini ya koti la maji, na huwa nyingi zaidi nyuma, kuzunguka silinda ya nne, mbali na pampu. Ukiosha kwa mpira wa maji, yanatoka maji safi na unaridhika. Toa plagi za bati za pembeni mwa bloku, ingiza waya mgumu, chokonoa. Kwenye bloku moja nilitoa matope meusi ya kujaza kopo la nusu kilo la maziwa ya unga, na bloku hiyo ilikuwa imeshatoka kuchongwa, imepakwa na rangi.

Pointi au distribyuta ikichelewesha moto, injini itachemsha pia huku rejeta ikilaumiwa. Na thermostati irudishe. Ile desturi ya kuitupa "kwa sababu huku ni joto" inafanya injini ichelewe kupata moto wake, na injini inayofanya kazi baridi inalika silinda haraka.

Ikisukuma maji nje ya rejeta hata kabla haijapata moto, gasketi ya hedi haijabana. Boliti za hedi zinataka futi-pauni 65, kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Kabla ya kuzirudisha, kausha matundu yake kwenye bloku. Boliti ikikuta maji au oili chini ya tundu, toki spana itakupa namba sahihi ya uongo, na bloku inaweza kupasuka.

Silensa haikai, inamisi

Usiguse kabureta kwanza. Panga tepeti (mwanya wa valvu): milimita 0.25 (sehemu kumi kati ya elfu za inchi), zote nane, moto au baridi. Kuna hesabu ya tisa inayorahisisha: zihesabu valvu kutoka mbele, 1 hadi 8. Ya 8 ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho, panga ya 1. Ya 6 ikiwa chini, panga ya 3. Jumla daima ni tisa. Kisha pointi, 0.35 hadi 0.40, na nyaya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Sasa sikiliza pale manifoldi zinapoungana na hedi. Ya kuvuta na ya ekzosti zimefungwa pamoja kwa chini ili ekzosti ipashe joto mafuta. Fundi mwenye haraka huziunganisha mbili hizo mezani, akazikaza, kisha akazifunga kwenye hedi. Uso wake hauwi tambarare tena, hewa inaingia kwa pembeni, na silensa inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Fungua zote: zishikishe kwenye hedi, kaza zile za kwenye hedi, na mwisho kaza boliti zinazoziunganisha.

Ikiwa inatoa moshi mweusi na plagi ni nyeusi kama mkaa, nenda kwenye kabureta. Zenith 36IV ina udhaifu mmoja maarufu: mfuniko wake wa juu hujikunja, na ile oringi ndogo iliyo ndani hukauka. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua uso mpaka ung'ae wote, badilisha oringi. Wengi wanakimbilia kufunga Weber 34 ICH, ambayo kweli ina masumbuko machache na inabana mafuta, lakini mlimani utaona imepunguza pumzi kidogo.

Kama gari lilitunwa Dar na sasa linaishi Arusha, mita 1,400 juu, litalalamika bila kuwa bovu. Hewa ni nyepesi, mafuta yamezidi.

Tepeti zinajibana zenyewe

Ulizipanga, baada ya kilomita elfu moja mwanya umepungua, hasa za ekzosti. Kinyume cha uchakavu wa kawaida, ambao huongeza mwanya. Hapo viti vya valvu vinazama ndani ya hedi. Risasi iliyokuwamo kwenye petroli ndiyo iliyokuwa inavilinda, na petroli hiyo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Dawa ni kupiga pete za chuma kigumu kwenye viti vya ekzosti. Chupa za kuongeza kwenye tangi ni gharama ya kila wiki. Kama mwanya hausogei, hedi yako ina pete ngumu tayari; iache.

Inavuja nyuma

Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu la plagi ya kuvukia maji. Plagi hiyo haikai humo siku zote; oili ikidondoka hapo ina maana inatoka ilipopaswa kutoka, badala ya kulowesha klachi. Ikiwa ni ya injini, mara nyingi si sili yenyewe bali zile sili mbili za pembeni za kepu ya nyuma, zinazokatwa na ukingo mkali wa bloku wakati wa kufunga. Piga ule ukingo tupa kidogo, paka silikoni, ziache zichomoze kwa unene wa kucha. Na breza (vipumulio vya injini) zilizoziba huvujisha sili nzima kabisa: ziangalie kwanza, ni bure.

Matatizo ya kuongeza nguvu

Injini hii ikiwa mpya ilitoa kama nguvu farasi 70. Njia ya heshima ya kuiongeza ni kutoka 7:1 kwenda 8:1, na hapo ndipo watu wanaambiwa "pleini hedi" (chonga uso wake) bila hesabu. Hesabu ni hii. Kila silinda ni sisi 571. Kwa 7:1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni sisi 95. Kwa 8:1 ni kama 82. Unatakiwa kupunguza sisi 13 hadi 14 kwa kila chumba, na kwa hedi hii inafika kama milimita mbili na nusu. Nunua bomba la sindano la mililita 50 duka la dawa, paka grisi pembeni mwa chumba, funika kwa kioo chenye tundu, jaza mafuta ya taa, soma. Fanya kabla ya kupleini na baada. Kama hedi yako ni ya 8:1 tayari na ukaipleini hivyo, itagonga kama njugu kwenye kikaango kila ukipanda mlima, na pistoni hazitadumu.

Baada ya kupleini, fito za tepeti zinakuwa ndefu kwa hedi mpya. Dalili yake ni skrubu za tepeti zilizotokeza juu mno na valvu isiyofunga kabisa: kompresheni ndogo kwenye injini mpya. Na kompresheni ikiwa ndogo lakini sawa kwenye silinda zote nne, geuzia macho kwenye taimingi. Mnyororo umeruka jino.

Wapo wanaotoa yote na kuweka dizeli ya 200Tdi, au injini ya Toyota. Gari litapanda, sina ugomvi. Lakini ekseli za nyuma za Series nyingi zina meno 10 tu upande wa difu. Siku ukikanyaga na injini ikaunguruma, gia imeingia, propela inazunguka na gari halisogei, usianze kufungua klachi. Ekseli imekatika. Kama una habu za mbele za kufunga kwa mkono, zifunge, bonyeza kirungu cha njano kinachoingiza magurudumu yote manne, na magurudumu ya mbele yatakufikisha nyumbani.